Mkono wa Tolie

Kutu ya magari ya Fungurume huanza na jiwe. Barabara kuu ya kutoka Likasi kwenda Kolwezi inapasua katikati ya mji, na usiku na mchana malori yanapishana: yanayokwenda na shaba kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na yanayorudi na asidi, chokaa, mafuta na vipuri vya migodi. Kila tairi hurusha changarawe. Kokoto moja ikipiga ukingo wa chini wa mlango wa Land Cruiser, hubandua rangi kiasi cha milimita mbili, na mwenye gari hana habari. Miezi ya kiangazi haina neno. Vumbi jekundu linatua pale, linakauka, maisha yanaendelea. Kazi huanza na mvua ya Novemba. Kuanzia hapo hadi Aprili chuma kile hakipati nafasi ya kukauka sawasawa, na mwezi wa Mei, mawingu yanapoondoka, rangi iliyozunguka alama ya jiwe imevimba. Ina lengelenge la ukubwa wa sarafu, na ukilibonyeza kwa ukucha linapasuka na kumwaga unga wa kahawia.

Ninataka kumsifu mtu anayejua la kufanya mbele ya lengelenge hilo. Huku tunamwita tolie, fundi wa bati na bodi. Simzungumzii yule anayelifunika gari zima kwa rangi mpya kati ya asubuhi na jioni, likang'aa mpaka msimu wa mvua unaofuata. Namzungumzia tolie wa doa dogo, anayefanya kazi ndani ya lupango (uwanja wa nyumba) la mwenye gari, chini ya mwembe, kwa msasa, maji na saa nyingi. Malipo yake si makubwa. Kazi yake ikifaulu, hakuna atakayejua kwamba ilifanyika. Kwa sababu hiyo watu wachache huisimulia, nami naona inastahili kusimuliwa pole pole kama inavyofanywa.

Chuma hakihitaji mengi ili kioze. Maji na hewa vinatosha. Chumvi na asidi huongeza mwendo tu. Bati la mlango wa gari lina unene wa milimita 0.7 au 0.8, kwa hiyo kutu haina safari ndefu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha kutu ina tabia moja mbaya: hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Ikizaliwa chini ya rangi hainyamazi, inaisukuma rangi juu. Rangi ikiinuka maji hupata njia, yakiingia hukaa, na kutu husonga mbele chini ya rangi ambayo kwa macho bado ni nzima. Doa unaloliona, basi, ni sehemu tu ya doa lenyewe. Tolie asiyejua jambo hili hukwangua palipovimba akaishia hapo, na mwaka unaofuata pete mpya ya malengelenge huchomoza kuzunguka kazi yake.

Sisi wa jimbo la Lualaba tuna jambo la ziada. Vilima vinavyotuzunguka vina shaba na kobalti, na tangu 2009 mgodi wa Tenke Fungurume Mining, ulio chini ya kampuni ya Kichina ya CMOC tangu 2016, unatoa madini hayo kwa kuloweka mawe yaliyosagwa katika asidi ya salfuriki. Chukua msumari safi wa chuma uutumbukize katika maji ya buluu yenye shaba iliyoyeyuka. Baada ya muda mfupi utautoa ukiwa na ngozi nyekundu. Shaba imekaa juu yake, na chuma nacho kimeyeyuka kuingia majini kuchukua nafasi ya shaba. Wachina wa enzi ya Song walizalisha shaba kwa njia hii katika karne ya 11, na machimbo ya Rio Tinto huko Uhispania yalilisha maji ya shaba vyuma chakavu kwa miaka mingi. Kwa mchimbaji hiyo ni faida. Kwa bati la gari ni hasara tupu: matope yenye shaba na asidi kidogo yakiganda ndani ya madigadi, anayelipa ni chuma. Dereva anayefanya kazi karibu na asidi akirudi nyumbani, ndoo ya kwanza ya maji imwagwe chini ya gari kabla ya kumwagwa juu.

Magari mengine hutujia na kutu yake kutoka mbali. Gari lililotumika Ubelgiji limepita majira ya baridi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo imejificha kwenye mikunjo ya sakafu. Lile la Japani limevuka bahari hadi Dar es Salaam, likapanda hadi Tunduma, likavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa, nalo huenda lilizeeka katika mji wa pwani au katika wilaya za theluji za kaskazini. Tolie mzuri huuliza gari lilikotoka kabla ya kushika chombo chochote. Kutu iliyoanza nje, kwa jiwe, ina matumaini. Ile iliyoanza ndani, ikatoboa bati ikielekea nje, haitibiwi kwa msasa. Hapo bati hukatwa na jingine huchomelewa, na mwenye gari aambiwe hivyo waziwazi.

Namna ya kuzitofautisha kutu hizi mbili nimeiona kwa mzee mmoja wa hapa mjini, na sijachoka kuitazama. Alijifunzia kazi katika karakana kuu za Gécamines kule Panda, Likasi, wakati kampuni ile ingali ikiwalea mafundi wake tangu ujana: wachomeleaji, wachongaji wa vyuma, mafundi wa bodi. Gécamines ilizaliwa katika utaifishaji wa Union Minière mwishoni mwa miaka ya 1960, nayo Union Minière ilianzishwa 1906. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa pamoja katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na ujuzi wao ukatawanyika mitaani, kwenye malupango na vivuli vya miembe ya Likasi, Kolwezi na Fungurume. Mzee huyu kila mtu humwita Papa tu, hata wale wanaolingana naye kwa umri.

Papa huanza kwa maji ya sabuni, halafu kitambaa chenye dilua, yaani thina, mpaka rangi haina mafuta hata chembe. Kisha hutoa mfukoni sumaku ndogo aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwa kipande cha kitambaa isikwaruze. Huipitisha juu ya mlango taratibu sana. Penye bati safi, sumaku inavuta na mkono wake unatambua. Ikifika mahali inapolegea na kuteleza, anajua kuna masitiki chini, yaani puti, tena nene. Mtu mwingine alishapita hapo akaficha jambo. Hupiga alama kwa chaki. Halafu hugongagonga kwa mpini wa bisibisi, sikio karibu na mlango. Bati zima hulia. Bati lililoliwa kwa ndani hutoa sauti butu, fupi. Mwisho huchuchumaa na kutia waya kwenye matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango, ambayo kiwanda huyaacha ili maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo yapate pa kutokea. Mara nyingi yameziba kwa udongo. Waya ukipenya, maji machafu huchuruzika, na pengine hapo ndipo ugonjwa wote ulipotoka.

Mwenye Land Cruiser moja nyeupe aliwahi kumwomba afupishe. Alikuwa na safari ya Kolwezi kesho yake. "Papa, tia masitiki tu, tupake rangi, niende." Papa alimjibu bila kuinua kichwa. "Shefu, chuma kwanza. Nikikifunika kikiwa na kutu, utaniletea mlango mzima."

Kukwangua ndiko kunakochukua muda mrefu, na ndiko kunakopendeza kutazama. Msasa namba 80 unaondoa rangi iliyokufa, kisha brashi ya waya inapita. Papa hasimami mahali kutu inapoishia. Anaendelea kuingia ndani ya rangi nzima, upana wa vidole viwili kuzunguka doa lote, mpaka aone bati jeupe linalong'aa bila kivuli cha kahawia ukingoni. Mashine ya kusaga ipo, lakini kwa doa la ukubwa huu haigusi, kwa sababu diski inapasha bati moto na bati jembamba likipata moto hujikunja; tena kwa diski ni rahisi kula chuma kizima pamoja na kibovu.

Bati likishang'aa, mtu asiye fundi angesema imekwisha. Ukiinama na kulitazama kwa mwanga wa pembeni, utaona nukta nyeusi zilizotapakaa humo, ndogo kama ncha ya sindano. Ni vishimo ambavyo kutu imevichimba, na chini ya kila kishimo imebaki kutu ambayo msasa hauifikii. Hapo Papa huchukua spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe, akaketi kwenye kigoda na kuanza kuzichokonoa, nukta moja baada ya nyingine. Huchokonoa, hupuliza, hutazama, hurudia. Kijana anayejifunza kwake humshikia kipande cha kioo kinachorusha jua kwenye bati. Hakuna anayezungumza sana. Nusu nzima ya asubuhi inaweza kuishia kwenye eneo lisilozidi kiganja, na mzee hachoki wala haoneshi kuchoka, kwa kuwa anajua doa lolote likirudi litarudi kupitia nukta hizi.

Zile zinazomshinda kwa spoku huzipaka asidi ya fosforiki, ile inayouzwa kama dawa ya kutu. Hii si asidi ya kula chuma ovyo. Inaigeuza kutu iliyobaki kuwa fosfati, utando mweusi wa kijivu ulioshikamana na chuma ambao rangi huupenda. Mwingereza Thomas Watts Coslett aliipatia njia hii hataza mwaka 1906, mwaka uleule Union Minière ilipoanzishwa kuchimba shaba ya Katanga. Na hadi leo viwanda vya magari huyaogesha mabati katika fosfati kabla ya rangi ya kwanza. Papa huipaka kwa brashi ndogo, huiacha ifanye kazi, hufuta, husuuza, hukausha. Kuna wanaotumia asidi ya betri badala yake, kwa kuwa ni rahisi kuipata. Sikubaliani nao kabisa. Asidi ya betri ni salfuriki. Inasafisha kweli, chuma kinatoka cheupe, lakini salfeti zinazobaki kwenye vishimo hunyonya unyevu na kuanzisha kutu upya chini ya rangi mpya. Kazi inaharibika siku ileile inapoonekana nzuri kuliko zote.

Kuanzia hapo hadi rangi ya kwanza, hakuna kidole kinachogusa bati. Jasho lina chumvi. Kijana wake siku moja alinyoosha mkono apapase, nikaona mzee amemshika kifundo cha mkono kwa upole, akamrudisha nyuma bila neno. Chuma kilichovuliwa hakilali uchi pia. Umande wa usiku mmoja unatosha kukitia rangi ya chungwa, na saa zote zile za spoku zinapotea. Kwa hiyo Papa haanzi kukwangua doa ambalo hana uhakika wa kulifunika jua lingali juu.

Rangi ya chini anayoipendelea ni ile ya epoksi, ya kuchanganywa na kigumishi chake, kwa sababu haipitishi maji kirahisi. Rangi ya chini ya bei nafuu, ya kopo moja, hunywa unyevu. Ukiiacha nje siku chache bila rangi ya juu, ni kana kwamba hukupaka. Papa hupaka tabaka mbili nyembamba, si moja nene. Nene hukauka juu na kubaki mbichi chini. Usiku wa Juni na Julai huku juu kwenye uwanda baridi huuma, na epoksi haikomai vizuri kwenye baridi, hivyo jioni gari husukumwa hadi penye ukuta uliopata jua la mchana, bashi, yaani turubai, ikateremshwa juu yake, na asubuhi linageuzwa mlango uelekee mashariki.

Siku inayofuata ni ya masitiki, na masitiki ndiyo inayomfichua fundi. Ni uji mzito wa poliesta unaochanganywa na kigumishi kidogo, gramu mbili hivi kwa kila mia moja. Papa hapimi kwa mizani. Anamwaga kwenye kipande cha kioo, anatia kigumishi chekundu na kuusonga kama bukari, yaani ugali, akikandamiza ili hewa itoke, mpaka waridi lienee sawasawa bila michirizi. Mchana wa Septemba ana dakika chache tu kabla haijaganda. Anaipaka nyembamba, kwa mwelekeo mmoja, juu ya epoksi na si juu ya chuma kitupu, kwa kuwa masitiki yenyewe hunyonya maji. Wengi huku hufanya kinyume: masitiki juu ya kutu, nene kama kidole. Gari hutoka limenyooka. Likipita kwenye mashimo ya barabara ya Tenke kwa muda, masitiki hupasuka ikadondoka kipande kizima, na nyuma yake kuna tundu.

Kisha msasa tena, huu sasa ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha soli ya ndala, ili usifuate mkono bali ufuate bati. Namba 180, halafu 320, halafu 600. Kabla ya kila hatua kijana hupangusa unga wa makala juu ya masitiki. Msasa ukipita, unga unabaki mabondeni tu. Palipo peusi ni chini, palipo peupe ni juu, na kazi inaendelea mpaka weusi uishe. Kati ya hatua hizi Papa hutandika kitambaa chembamba juu ya mlango, huweka kiganja juu yake, hufumba macho na kukisukuma kwenda na kurudi. Kitambaa huondoa mnato wa ngozi, kiganja kikabaki kusikia umbo peke yake. Nimejaribu kupitisha changu baada yake. Pale alipotia alama ya chaki mimi sikusikia chochote, na msasa ulipopita palikuwa na bonde kweli.

Ukingo wa doa ndio niupendao kuliko yote. Msasa unavyolaza rangi ya zamani kuelekea kwenye bati, matabaka yake hujitokeza kwa pete, moja ndani ya nyingine: vanishi, rangi nyeupe ya juu, kijivu cha kiwandani, kisha utando mwembamba wa rangi ile ambayo bodi nzima hutumbukizwa ndani yake kwa nguvu ya umeme, utaratibu uliosambaa viwandani tangu miaka ya 1960. Kwenye Land Cruiser ile nyeupe palitokea pete ya njano iliyobanwa kati ya nyeupe mbili. Mwenyewe alishangaa; alikuwa ameuziwa gari lisilowahi kupigwa rangi. Papa alitazama tu upana wa pete. Zikiwa pana na laini, ukingo hautaonekana. Zikiwa nyembamba na zimebanana, bado kuna ngazi, na vanishi haifichi ngazi, inaionesha zaidi.

Rangi ya juu watu huiona kuwa ndiyo ufundi wenyewe. Mimi naiona kuwa malipo ya kazi iliyotangulia, lakini nayo ina masharti. Toyota nyingi zina kibati chenye alama C/TR, na namba inayofuata ndiyo ya rangi; 040, kwa mfano, ni ile nyeupe iliyojaa barabara zetu. Ukinunua 040 mpya ukaipaka kwenye mlango uliopigwa jua la Katanga miaka kumi na mitano, doa litaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Papa husugua kwanza rangi ya jirani kwa polishi aione ilivyo kweli, halafu hutia kwenye rangi mpya tone la njano, pengine la nyeusi, hujaribu kwenye kifuniko cha kopo, huacha ikauke, hukisogeza mlangoni penye jua na penye kivuli. Hurudia. Rangi za fedha na zile zenye chembe za kumetameta ni ngumu zaidi, maana chembe hulala kwa namna ya mkono ulioshika pistole ya kupulizia rangi, na katikati ya mlango doa la rangi hiyo halifichiki kabisa. Hapo hueneza rangi kidogo kidogo kuelekea nje na kuivisha vanishi sehemu nzima hadi ukingoni. Humwambia mwenye gari kabla ya kuanza kwamba jicho la fundi litaona. Naheshimu sana neno hilo analolitanguliza.

Saa ya kupuliza rangi inachaguliwa na hali ya hewa. Asubuhi mapema umande haujaondoka. Mchana upepo umeamka. Inabaki nafasi ya katikati. Ardhi ya lupango hunyunyiziwa maji ili vumbi lilale, bashi hufungwa pande tatu, kuku hufukuzwa, watoto hutumwa wakacheze kwingine. Julai na Agosti kuna adui mwingine, majivu. Pori la miombo linachomwa kila upande, na nyuzi nyeusi za nyasi zilizoungua huelea mjini na kutua juu ya vanishi mbichi. Siku moshi unapotokea upande wa upepo, Papa hukunja vyombo vyake, hata kama kompresa imeshajaa. Kwa hilo pia namstahi. Basanga na majirani zao, walioyeyusha shaba ya vilima hivi na kuimimina katika misalaba iliyofika mbali kwa biashara, nao walifanya kazi yao ya tanuru wakati wa kiangazi. Nchi hii imewapa mafundi wake msimu mmoja mzuri, nao wamejifunza kuutumia.

Jambo moja namsihi kila kijana anayefuata kazi hii: vaa barakoa, ile ya chujio, si kitambaa. Vigumishi vya rangi na vanishi za kisasa vina kemikali zinazoweza kuleta pumu isiyopona. Mapafu ya wazee wengi wa kazi hii yanajulikana kwa kukohoa kwao. Papa huivaa, na kijana wake haruhusiwi kusogea bila ya kwake.

Vanishi ikishakomaa, husuguliwa kwa msasa namba 2000 na maji, kisha polishi. Halafu, watu wakishaanza kuondoka, Papa hufungua mlango, hung'oa kitambaa cha ndani na kupulizia nta nyuma ya bati lilelile alilolishughulikia, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika mpaka gari lichakae. Huangalia mara ya mwisho yale matundu ya maji kama yako wazi. Wengine humwaga humo oili chafu ya injini. Inasaidia kidogo, lakini inakula mipira ya mlango na kudondokea udongo tunaopanda mboga, na nta au grisi safi haina madhara hayo.

Wapo wanaosema ni gharama bure kumlipa mtu siku kadhaa kwa doa la sarafu. Wafikirie hivi. Injini ikifa, nyingine inapatikana Lubumbashi, iliyotumika lakini nzima. Giaboksi vivyo hivyo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutengenezwa 1984 na zingali zinatengenezwa, kwa hiyo vipuri vyake havitaisha leo wala kesho. Bodi ikioza ndiyo gari limekwisha. Halina cha kuwekewa vipuri. Doa la sarafu lililotibiwa mwezi wa Juni linaokoa mlango, na nguzo ya mlango, na sakafu.

Ewe mwenye gari wa Fungurume, Kolwezi, Likasi au kokote kule ambako malori yanakurushia changarawe: usisubiri Novemba. Lioshe gari lako chini kama unavyoliosha juu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa milango na ndani ya madigadi, tia waya kwenye matundu ya maji, na ukikuta lengelenge, hata dogo namna gani, lipeleke kwa tolie sasa hivi, kiangazi kikiwa bado kipo. Akikuomba siku nne, mpe zote nne, na umlipe bei anayoitaja.